Kiti Chetu Chenye Mikono

Baada ya miaka ishirini na tisa chini ya pazia, Bi. Keziah Thripp anastaafu leo, Jumamosi tarehe 28 Septemba 1889, katika studio ya picha ya Bwana Ambrose Tolliver hapa Leicester.

Kazi yake wote tunaijua: kuwa kiti. Mtoto mchanga hatulii mbele ya kamera, na wateja hawataki mtu mwingine aonekane pichani. Basi Bi. Keziah hujifunika pazia la maua gubigubi, akampakata mtoto na kumshika kiuno kwa siri. Nusu ya watoto wa mji huu wamepigwa picha mapajani pake. Mke wa diwani mmoja aliwahi kumkalia, kisha akalalamika kwamba kiti kinapumua. Bi. Keziah hakutikisika.

Hata hivyo, hadi wiki iliyopita hakuwa na picha ya uso wake hata moja. Dada yake Dorcas, aliyehamia Kanada zamani, alimwomba picha, naye akampelekea moja ya kazini. Dorcas akajibu kwamba mtoto ni mzuri, ila dada mwenyewe yuko wapi? Bi. Keziah alitusimulia akicheka, lakini jambo hilo lilimuuma.

Kwa hiyo wiki iliyopita tukaamua kumpiga picha ya kumuaga. Tulimvika kofia mpya, tukamwekea kile chuma cha kushikilia kisogo ili kichwa kisitikisike, tukamwomba akaze midomo kama watu wote wenye heshima zao. Kifuniko cha lenzi kilipotoka tu, akavuta pazia akajifunika. Tukaondoa pazia, akajifunika kitambaa cha meza. Tukaondoa kitambaa, akanyakua koti langu. Mwishowe akaanza kulia, akisema Dorcas atakufa bila kumwona.

Ndipo Bwana Tolliver, ambaye hatujawahi kumwona hata amelegeza tai, alipojitupia pazia la maua, akaketi na kupiga mapaja yake.

"Haya, Keziah, njoo nikupakate. Leo kiti ni mimi."

Akakaa. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye kazi yake ni kupaka picha rangi ya mashavu, ndiye aliyeshika kamera. Bi. Keziah alicheka mdomo wazi, pengo nje, jambo ambalo studio hii haijawahi kuruhusu. Kofia imetoka ukungu kwa sababu kiti nacho kilikuwa kinacheka, lakini uso unaonekana.

Picha iko njiani kwenda Kanada. Dorcas hatauliza tena dada yake yuko wapi. Labda atauliza kwa nini kiti kimevaa viatu.

Asante, Bi. Keziah, kwa kutubebea watoto wa watu. Nenda ukapumzike vyema, uso wazi.