Picha Iliyobaki Ndani ya Mashini

Ba Mama na ba Papa wa kikundi hiki, mlinipokea nikitoka kambi ya wakimbizi ya Katanika na nguo moja mwilini na mfuko mmoja mkononi. Leo nipeni masikio.

Vita vilipofika kwetu upande wa Nyunzu, kila nyumba ilikuwa na mfuko wa kukimbia, umefungwa tayari mlangoni. Mnaujua. Mimi ni mwalimu. Katika mfuko wangu nilitia kompyuta, na kando yake kle ya USB, kile kijiti kidogo cha kuchomeka, yenye nakala ya picha zote. Nikajiona mwerevu! Siku ya kukimbia nilianguka korongoni pamoja na mfuko. Kle ikavunjika. Na katika vurugu ile nikapotezana na binti yangu wa miaka minne.

Hapa Kalemie, watu wanaotafuta watoto waliopotea wakaniambia gari lao linaondoka saa sita mchana kwenda Ankoro, ambako watoto wasio na wazazi walikuwa wameonekana. "Tupe picha." Jina halitoshi, ndugu zangu. Mtoto mdogo wa kwetu ukimuuliza mama yake anaitwa nani, anajibu "Mama". Na baba? "Papa".

Nikakimbia na shemeji yangu kwa fundi wa kompyuta karibu na soko. Mashini ikawaka, ikaandika: mfumo umeharibika, finya hapa, kila kitu kirudi kama siku ya kwanza.

"Tufinye, shemeji! Saa inaenda!" shemeji yangu akasema.

Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. Nikamshika mkono.

"Siku ya kwanza, mutoto wangu hakukuwa mule ndani."

Fundi akainua kichwa. "Mama, njo hivyo, ni kweli. Ukifinya, picha zinaisha zote."

Nawaeleza polepole. Ndani ya diski kuna sehemu ndogo iliyofichwa, ambamo watengenezaji wameweka mfumo mzima wa mashini. Usiifute hata ukikosa nafasi, siku moja utaihitaji. Lakini sehemu ile inaujua mfumo tu. Mtoto wako haimjui.

Fundi akawasha mashini kwa kle yake yenye mfumo mwingine, bila kugusa kitu cha diski yangu, akaanza kunakili picha kwenye diski ya nje. Betri yangu ilikuwa imekufa zamani. Tulitegemea jenereta, nayo ikaanza kukohoa.

"Mafuta yanaisha!" shemeji akapaza sauti.

"Basi uiimbie, shemeji, pengine itakuhurumia," fundi akasema, lakini jasho lilimtiririka.

Kazi ikaisha. Nikataka kuchomoa diski. "Ngoja, Mama. Tufungue kwanza, tuone kama picha imefika nzima." Akafungua. Binti yangu huyo, amenuna, kiatu mguu mmoja. Akaichomoa diski vizuri, na jenereta ikazimika. Nilifika garini wakifunga milango, nikawapa picha.

Baadaye, picha zikiwa salama, ndipo tulipoitumia ile sehemu iliyofichwa, na mashini ikapona.

Namshukuru Mungu, fundi, shemeji aliyekubali mkono wake ushikwe, na familia ya wavuvi wa Ankoro iliyomlisha mtoto wa watu. Ndugu zangu, nakala isikae mfuko mmoja na mashini. Yangu inalala kwa Mama jirani, yake inalala kwangu.

Wa Ankoro walimtambua kwa ule mnuno wa pichani, akarudishwa kwangu. Mtazameni pale mlangoni: amenuna tena, anasema nimeongea sana.