Meno Mawili ya Fundi Hamid

Baraza yetu ni ya mawe na chokaa, imeegemea nyumba ya Mbarouk kwenye kichochoro cha Malindi, Mji Mkongwe, na inatosha watu watano wakikaa kwa adabu. Kila siku baada ya sala ya alasiri Borafya huja na dele lake la kahawa na sahani ya kashata, na sisi wengine tunakuja na midomo yetu. Mbarouk tunamwita Kontena, kwa sababu alifanya kazi bandarini miaka thelathini na mpaka leo hakiamini kitu ambacho hakikuja kwa meli. Mcha tunamwita Intaneti. Ni mtembeza watalii, na kila jambo ameshaliona kwenye simu. Mimi ni fundi cherehani, nashona kanzu mlango wa pili, na kazi yangu barazani ni kusikiliza na kukasirika. Wa tano ni Fundi Hamid, mchonga milango, na yeye ndiye aliyetuweka kikaoni miezi minne sasa. Siku ya balaa yake alikuwa akipachika ubawa wa mlango wa mfenesi, ukamponyoka, ukamrudi mdomoni na kuondoka na meno mawili ya mbele ya juu. Tangu hapo anazungumza kiganja kikiwa mdomoni, kama mtu anayetaka kupiga chafya.

Alhamisi iliyopita alikuja na karatasi mbili mkononi.

— Leo nnamaliza, alisema. Hawa jamaa wanataka jibu kabla ya magharibi.

— Jamaa gani? aliuliza Borafya, ingawa anajua. Sote tunajua. Karatasi zile tumezisoma mpaka zimeota mafuta ya kashata.

Ya kwanza ilitoka kwenye zahanati mpya ya meno hapa mjini. Jino la kupandikiza laki nane, unaingia asubuhi, unatoka jioni una meno yako, na ofa inamalizika siku hiyo hiyo. Ya pili ilitoka kwa Daktari Saadiya, yule mwenye miwani mikubwa. Jino milioni mbili na laki nne, na mambo yote huchukua miezi sita. Harusi ya Nadra, binti wa Hamid, iko wiki saba mbele. Sasa fanya hesabu mwenyewe.

— Hapa hapana la kufikiri, alisema Borafya. Laki nane! Jino ni la kutafunia kashata, si la kurithisha wajukuu. Hiyo milioni na laki sita ya ziada unamlipia daktari kiyoyozi chake na yule msichana wa mlangoni anayekuuliza jina lako mara tatu.

— We Borafya, alisema Kontena, we unauza kahawa, huijui bidhaa. Lile jino halisimami hivi hivi. Kuna skrubu inazamishwa ndani, halafu jino linakaa juu yake. Sasa suali ni moja tu. Skrubu imetoka wapi?

— Imetoka dukani.

— Imetoka nchi gani, babu! Kama ya Mjerumani, hiyo utazikwa nayo. Pale bandarini tulikuwa na winchi ya Kijerumani, iliwakuta wazee wetu, ikatukuta sisi, ikatuacha. Halafu wakaleta nyingine ya bei nafuu, wallahi haikumaliza Ramadhani mbili.

— Kwa hivyo Hamid atie winchi mdomoni? niliuliza, na tayari nilikuwa nishaanza kukasirika.

— Nnasema chuma ni chuma.

— Si chuma, ni titani, alisema Intaneti bila ya kuinua macho kwenye simu. Ndiyo wanayoundia ndege. Ukiwa nayo mdomoni, uwanja wa ndege hupiti, mashine inalia. Na kuna mtu mmoja Brazili, nshamuona, jino lake linashika redio.

— Stesheni gani? aliuliza Borafya.

— Hawakusema. Lakini nikupeni kisa cha karibu. Pale Paje kuna mzungu anafundisha watu kuvutwa na tiara juu ya maji. Alikwenda Uturuki akatiwa meno sita kwa bei ya kutupa, na hoteli bure. Akarudi anang'ara. Mwezi wa tatu moja likaanza kucheza. Akamuuliza daktari wa hapa, daktari akamwambia, mimi skrubu hii siijui, sina ufunguo wake, nenda kwa aliyekutia. Basi tena nauli ya Uturuki, tena nauli ya kurudi. Sasa hivi keshakwenda mara tatu.

— Na redio? aliuliza Borafya.

— Redio ni ya Brazili! Hunisikilizi?

Kwa mara ya kwanza siku ile Intaneti alikuwa amesema jambo la maana, kwamba aliyekutia skrubu awe karibu, na kwa bahati mbaya hakuna mwingine aliyelishika. Mimi nililishika, lakini Kontena alikuwa ameshainuka nusu.

— Basi nshapata, alisema. Tusinunue jino moja moja. Tuagize skrubu za Mjerumani boksi zima, zije kwa meli, za Hamid mbili, zilizobaki tunauza Pemba.

— Nani atazitia? niliuliza.

— Hamid ni fundi. Huyu anatia misumari ya shaba kwenye mlango wa msaji, atashindwa na mdomo wake mwenyewe?

— Mimi nina rai nzuri zaidi, alisema Borafya. Nunua moja la ghali, moja la rahisi, yakae jirani. La rahisi likitaka kuanguka, la ghali litalishika.

Hapo nilimwambia Borafya kuwa akili yake imechemka pamoja na kahawa. Hakuchukia. Alinitilia kikombe kingine, na Hamid akaguna.

— Msinicheke, alisema. Mimi nshajaribu kujichongea.

Tuligeuka sote.

— Mti wa mlimau, alisema. Mweupe, laini, haupasuki. Nilichonga mawili kwa patasi ndogo kabisa, nikayapiga msasa, nikayaunganisha na waya. Mke wangu Thuwaiba mwenyewe alisema yamependeza.

— Yako wapi?

— Yalifika mpaka kwenye mkate wa ufuta.

— Yakaanguka?

— Nikameza.

Kontena alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Nilicheka na mimi, sikatai. Kisha nikamtazama Hamid na kicheko kikanikauka, kwa sababu yeye alikuwa anazikunja zile karatasi mbili, anazikunjua, anazikunja tena.

— Nyinyi mnadhani nnataka uzuri, alisema. Mimi nna miaka sitini na moja, uzuri nnaupeleka wapi? Nnataka kumuozesha Nadra mwenyewe. Kwa mdomo wangu. Msikiti umejaa, nimemshika mkono mume, nnasema nimekuozesha. Binti yangu ni huyo mmoja. Sasa nikifungua mdomo kwa pengo hili, watu wa Jambiani, upande wa mume, wote wananitazama, na upepo unatoka... Thuwaiba kanambia nimpe wakala sheikh aozeshe badala yangu, watu wengi wanafanya hivyo. Sitaki. Lakini na hivi pia siwezi.

Borafya alisugua dele ambalo halikuwa na doa.

— Ndiyo nkasema, aliendelea Hamid, ama nichukue haya ya siku moja, yawe yatakavyokuwa, ama nichukue ya miezi sita na harusi isogezwe.

— Harusi ya nani isogezwe?

Sauti ilikuwa ya mwanamke. Bi Mwanakheir alikuwa amesimama nyuma ya Intaneti, buibui lina vumbi la safari na kikapu mkononi. Huyu ndiye mama yake Suhaib, mume mtarajiwa. Analima mwani Jambiani, na siku hiyo alikuja mjini kuzungumza na Bi Thuwaiba habari za wageni na pilau. Hamid alimuona mkwe mwenziwe kasimama, akapeleka kofia mdomoni badala ya kiganja.

— Shikamoo Bi, alisema Intaneti, akampisha mahali.

— Marahaba mwanangu. Nyumbani nimeambiwa Fundi yupo barazani, nkasema nimpitie kumsalimu. Harusi ya nani inasogezwa?

Kontena, aliyekaa bandarini miaka thelathini bila ya kuogopa meli, alitazama chini. Mwishowe nilimueleza mimi: ubawa wa mlango, laki nane, milioni mbili na laki nne, siku moja na miezi sita, na sheikh wa kuozesha badala yake. Winchi na redio niliziruka. Bi Mwanakheir alipokea kikombe cha kahawa, akaketi ukingoni mwa baraza, akasikiliza mpaka mwisho.

— Sasa hiyo skrubu, alisema, inapigwa kwenye nini?

— Kwenye mfupa, alisema Intaneti. Mfupa wa taya. Unaikamata pole pole, ndiyo maana ya miezi.

— Na mfupa upo?

Intaneti alitazama simu. Kontena alimtazama Borafya. Borafya alinitazama mimi, na mimi nikamtazama Hamid, ambaye ndiye mwenye mdomo.

— Upo vipi? aliuliza Hamid.

— Nnauliza tu. Sisi kule tunapiga vigingi mchangani, tunafunga kamba, mwani unaning'inia. Mwaka mmoja tulichanga tukanunua vigingi vipya vizuri, tukaviona vya bei, tukajisifu. Tukavipiga mahali ambapo mchanga ni kiasi cha kiganja, chini yake mwamba. Siku ya pili maji yamejaa, yametoka, hapana kigingi, hapana kamba, hapana mwani. Na kuna vigingi vyangu vya zamani, vimepinda, mpaka leo vimesimama, kwa sababu pale mchanga una kina. Basi nnauliza, huko mdomoni kumetazamwa? Mlango ulikupiga kwa nguvu.

— Nani katazama? aliuliza Kontena, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo.

— Hapana aliyetazama, alisema Hamid. Niliwatumia picha ya simu.

— Hao wote wawili?

— Wa laki nane ndio niliowatumia. Kwa Daktari Saadiya nilichukua karatasi tu, nikaona bei, nikatoka.

Miezi minne! Mtu ambaye hapachiki mlango katika Mji Mkongwe huu mpaka augonge ukuta wote kwa mpini wa nyundo, asikilize palipooza chokaa na palipo na jiwe. Nimemuona akikataa kazi ya tajiri kwa sababu ukuta ulijibu vibaya. Nilitaka kumwambia hayo, lakini nilivyomuona uso wake nilijua anajiambia mwenyewe.

Akanipa karatasi ya Daktari Saadiya.

— Isome tena. Usianzie chini.

Nilianzia juu. Na nawaambia ukweli, karatasi ile nimeishika si chini ya mara kumi, na kila mara jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwenye ile milioni mbili na laki nne. Mstari wa kwanza kabisa uliandikwa hivi: picha ya mfupa na kutazama fizi, elfu sitini. Chini yake: ikiwa mfupa hautoshi, mgonjwa ataelezwa kabla ya kulipa chochote kingine.

— Elfu sitini! alisema Borafya. Basi hata mimi nnayo hiyo.

Hamid alitoa simu, akapiga zahanati ya laki nane, akaiweka kwenye spika ili baraza nzima isikie.

— Mzee Hamid! ilisema sauti ya msichana, yenye furaha. Tukuandikie kesho? Ofa ni mpaka saa kumi na mbili.

— Mwanangu, nikuulize. Mfupa mnautazama lini?

— Mfupa?

— Wa taya langu. Kabla, au baada?

— Subiri nimuulize daktari.

Tulisubiri. Mwenye baiskeli alitaka kupita kichochoroni, Kontena akamzuia kwa mkono.

— Mzee? Daktari anasema tutauona hapo hapo, tukishafungua fizi.

— Na kama haupo?

Msichana akarudia kuwa ofa ni mpaka saa kumi na mbili.

— Basi msinifungulie, alisema Hamid kwa upole. Ahsante sana, mwanangu.

Akakata. Akazunguka kumtazama mkwe mwenziwe, kofia bado iko mdomoni.

— Miezi sita, Bi Mwanakheir. Pengine na zaidi. Nnakuombeni tusogeze, watoto watuwie radhi.

— Hatusogezi, alisema Bi Mwanakheir. Ng'ombe keshalipiwa, na mwanangu hakuposa meno yako. Wewe kesho nenda ukapigwe hiyo picha, uchukue muda wako, ulipe kidogo kidogo kazi ikiendelea. Na siku ya harusi utamuozesha wewe. Mimi sheikh wa badala simtaki. Nnataka Suhaib asikie kwa baba yake Nadra.

— Na pengo hili?

— Jambiani kuna watu wazima wangapi wenye meno yote? Nihesabie.

Intaneti alisema atalitafuta hilo kwenye simu. Nilimkanyaga mguu.

— Jaribu, alisema Bi Mwanakheir. Hapa hapa, tukusikie.

— Barazani?

— Msikitini patakuwa na watu zaidi.

Hamid aliiweka kofia kichwani. Alimshika Intaneti mkono wa kulia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, akakohoa, akanyoosha mgongo.

— Nimekuozesha, alisema, na kweli upepo ulitoka, lakini neno tulilisikia sote, kila herufi yake. Nimekuozesha binti yangu...

Akasimama hapo. Tulidhani ni meno. Borafya akainama amsaidie, akasema taratibu, Nadra, jina ni Nadra. Hamid akatikisa kichwa kwamba jina analijua, na mkono wa Intaneti hakuuachia. Machozi yalikuwa yanamshuka, na kufikia kwenye jina la mwanawe ilimchukua muda mrefu sana.