Kimashini Kinachonichongea

MBUSA: Haloo? Nani huyo? Réseau ya Walikale inakatakata, sikusikii vizuri—

KYAKIMWA: Unauliza nani? Sauti ya mama aliyekuzaa umeisahau? Niko hapa Masisi, hospitalini, kando ya kitanda cha Françoise, bibi uliyemuoa.

MBUSA: Pole, Mama. Habari ya mchana? Françoise anaendelea namna gani? Na mimba?

KYAKIMWA: Mimba inakaa. Na lori yako?

MBUSA: Iko palepale. Wenye bunduki wamefunga barabara, hapiti muntu. Mama, kuna nini?

KYAKIMWA: Naomba ruhusa, kwa sababu bibi ni wako. Nataka kubandua kile kimashini walichomubandika Françoise kwenye mukono.

MBUSA: Kubandua? Mama, kile njo kinapima sukari yake mchana na usiku, bila kumutoboa vidole! Muntu mwenye mimba ya miezi saba na ugonjwa wa sukari—

KYAKIMWA: Kazi yake naijua. Kazi yake ni kunichongea. Juzi nilimupa Françoise ndizi mbili mbivu na kikombe cha mutobe. Mutobe yenyewe nimekamua mwenyewe, maji ya ndizi matupu, haijakuwa pombe. Kile kisimu chake kinachoonyesha nambari za sukari kikapiga kelele, maternité nzima, wodi yote ya wazazi, ikageuka kunitazama! Jana nikafunika mukono wake kwa kitenge kabla ya kumulisha, ili kisione—

MBUSA: Mama! Ulikifunika na kitenge?

KYAKIMWA: Vitenge viwili. Kikaona tu. Akaja Mama Adelaïde, infirmière anayewauguza, akanigombeza mbele ya wagonjwa kama mwizi wa kuku. Mimi, Mbusa! Mimi niliyekuwa na duka kule Butembo, watu wakinisalimia kwa mikono miwili!

MBUSA: Lakini alisema kweli. Sukari ikipanda, mutoto anaumia tumboni.

KYAKIMWA: Basi nimetii. Hapa kila mugonjwa analishwa na watu wake, hospitali haitoi hata uji. Wamesema chakula changu ni kibaya? Sawa. Leo infirmière amemuchoma sindano yake ya insuline, akaniambia nimupe kunde na mboga. Mimi nikafunika sufuria, nikakunja mikono. Sikumupa hata kijiko.

MBUSA: Mama. Rudia hapo. Amechomwa sindano ya kushusha sukari, kisha hakula?

KYAKIMWA: Hakula kitu! Nilitaka kuona leo kitanichongea kwa lipi. Na bado kinalia! Nimekifungia ndani ya kitenge, kinalia. Muntu hajaonja kitu, chenyewe kinatangaza ameshiba. Njo maana nasema ni cha uongo, kibandu—

MBUSA: Fungua kitenge! Soma nambari!

KYAKIMWA: Usinifokee. Kusoma nimejifunza parokiani, na uzee wangu huu. [anafungua kitenge] Hamsini na... moja. Unaona? Jana ilikuwa mia mbili na kumi. Nambari ndogo, kelele kubwa! Na mushale unaangalia chini.

MBUSA: Mama, sukari imemuishia mwilini! Kinalia ikipanda, kinalia ikishuka! Na kushuka kunaua haraka zaidi! Françoise anasema nini?

KYAKIMWA: Hasemi. Anatoka jasho, midomo inamutetemeka. Nilidhani amenikasirikia—

MBUSA: Ita infirmière!

KYAKIMWA: Wako mulangoni, wanapokea majeruhi kutoka Karuba. Alisema kikilia nimuite, lakini nimuite ili anigombeze tena?

MBUSA: Mama, muite! Na umupe kitu kitamu, sasa hivi!

KYAKIMWA: Kitamu nitoe wapi? Si mulikataza?

MBUSA: Mutobe.

KYAKIMWA: Mutobe gani?

MBUSA: Ile uliyoificha chini ya kitanda.

KYAKIMWA: Nani amekuambia nimefi—

MBUSA: Mimi mutoto wako, nakujua! Ile ndani ya bidon ya manjano!

KYAKIMWA: Ni ya kijani.

MBUSA: Toa, Mama! Anaweza kumeza?

KYAKIMWA: Françoise! Françoise, binti yangu, fungua kinywa. Pole pole. Eh, anameza. Anashika kikombe mwenyewe! Mama Adelaïde! Mama Adelaïdeee! Kimashini kinalia, njoo—

[Réseau inakata. Kisha simu inaita tena.]

MBUSA: Haloo? Mama! Haloo! Sema!

KYAKIMWA: Niko. Infirmière alifika mbio, akamutazama macho, akasema niongeze kikombe. Mbusa, ameniambia *niongeze!* Mbele ya wagonjwa walewale!

MBUSA: Na mutoto?

KYAKIMWA: Amesikiliza tumbo. Moyo wake unapiga kama ngoma ya harusi.

MBUSA: [anapumua] Asante Mungu. Nambari?

KYAKIMWA: Sabini na nane. Mushale umegeuka, unaangalia juu. Françoise ameketi. Anasema mutobe yangu iko na sukari mingi. Na anauliza kwa nini leo nilimunyima chakula.

MBUSA: Umemujibu nini?

KYAKIMWA: Nimemufunulia sufuria.

MBUSA: Unité zangu za simu zinaisha, Mama. Nikupe ile ruhusa, ukibandue?

KYAKIMWA: Nani, mimi? Atakayekigusa tutapigana! Lakini niambie: sukari ikipanda sana, kitalia tena?

MBUSA: Kitalia, na Mama Adelaïde atakuja kuuliza nani—

KYAKIMWA: Kilie. Leo kinichongee vizuri. Kiseme ni mutobe ya nani, na jina langu kilitaje lote, Kya—

[Unité zimeisha.]