Pale Papa Alikuwa Anakohoa

Bandugu na bamama, munisikilize kidogo. Bengine hapa banashuhudia vile Mungu alibarudishia kitu. Mi, ile nilipoteza haikurudi mpaka leo. Lakini niko nasimama mbele yenu, na hiyo njo ushuhuda yangu.

Munajua kazi yangu: ni secrétariat pa nyumba, kuandikia banafunzi mémoire, kile kitabu cha kumaliza masomo, na kuzitoa ku imprimante, mashini ya kuchapa. Mu ile ordinateur yetu moja, kompyuta ya kazi, njo mulikuwa na sauti ya papa. Mbele ya kufa alitusemea kasala ya jamaa, ile sifa ya bankambo betu, bababu ba Kasai, jina kwa jina, na mi nikaienregistrer, nikachunga sauti mule. Mama macho yake ilikuwa imekwisha, hakuona tena. Kila mangaribi alikuwa anaikala pembeni ya mashini anasikiliza bwana yake. Hakuwa ananiomba kitu kingine.

Sasa banafunzi balikuwa banaleta clé USB zenye virusi, na virusi ikaanza kukula mafichier, kazi zenye ziko ndani. Nikaogopa juu ya ile sauti. Bakaniambia: weka système ya pili ya kuendesha mashini, Linux, pembeni ya Windows. Clé za bantu utafungulia kule, kwenye ile virusi haina nguvu, Windows ibakie ya imprimante. Ni kugawanya disque, fasi mashini inachungaka vitu, katikati, sawa vile bandugu banagawanya parcelle ya baba yabo. Nikaona ni busara. Kucopier sauti pengine kwanza, nilisema nitafanya kisha.

Nawaambia, nilijichunga. Nilichagua dimanche, kisha culte ya kanisa, juu siku ile moulin ya jirani haisagi. Ile moulin ikianza, courant ya umeme ya avenue yote inaangukaka. Disque ikaanza kugawanyika, na écran, uso wa mashini, inaandika: usizime mashini.

Lakini pa avenue yetu palikuwa kilio. Bafiwa balikosa unga ya bukari, ugali ya bageni, na jirani akabafungulia moulin. Niliisikia inanguruma, kisha écran ikawa nyeusi. Bandugu, ile mahindi balikuwa banasaga ilikuwa ya kwangu. Asubuhi nilikuwa nimebapelekea bassin muzima, sawa vile tunafanyaka. Ningekasirikia nani?

Nilibeba ordinateur kwa fundi mu ville, katikati ya mji. Alirudisha mapicha ya harusi ya bantu na mémoire nusu-nusu. Sauti ya papa ilirudi jina ya fichier tu. Ukifungua, ni kimya.

Mi nikaanza kudanganya mama. Mangaribi anauliza, "Courant iko?" Nasema, "Hapana, mama, ni délestage, bamekata umeme." Na ampoule inawaka juu ya kichwa yetu. Mpaka siku moja akageuza sikio.

"Radio ya jirani inaimba," akasema. "Délestage iko kwetu tu?"

Nikamwambia yote. Hakulia. Aliuliza tu, "Hata mwanzo haikubakia?" Nikasema haikubakia. Akasukuma sahani ya bukari, akaenda kulala. Kisha pale hakuniita tena kwa jina, siku mingi. Mi nikaacha kazi, nikaacha kanisa, kiti yangu muliiona tupu. Nilikuwa naomba kufa. Ninaisema wazi, juu pengine humu kuna mwenye anaomba vile leo.

Asubuhi moja mama alikuwa pa barza anachagua maharagi, vidole yake inatafuta mawe. Nikasikia kasala. Ni yeye alikuwa anasema, polepole, jina kwa jina, hakuruka hata moja. Alipofika kwa nkambo wa tatu akanyamaza.

"Mama, umesahau?"

"Hapana. Pale papa yako alikuwa anakohoa. Ninamungojea."

Njo pale nililia, na nililia sana. Akaniachia, kisha akasema, "Mwana wangu, ikala. Sema nyuma yangu."

Tulikuwa tunasema kila asubuhi, mpaka nikaijua. Mama mwenyewe alikufa wakati mvua ilianza.

Nashukuru bamama ba hapa, mulikuya kuikala na shiye bila kuuliza kitu. Nashukuru fundi, alijaribu kuliko kazi yake. Na jirani wa moulin alikuya kuniomba samahani tena na tena. Nilimwambia: unga ilifika kwa bafiwa, inatosha.

Mwenye anataka kuweka système mbili, aweke. Hata kwangu leo ziko mbili, na batterie ya kushika mashini courant ikianguka iko pembeni. Lakini mbele ya kugusa, copier kwanza. Na sauti ya muzazi, usiiachie mashini peke yake. Enda uikale karibu naye akingali muzima, useme nyuma yake mpaka ujue.

Pa maziko ya mama, mi njo nilisema kasala. Nilipofika kwa nkambo wa tatu nikanyamaza. Bazee benye balisikiaka papa akisema kasala bakainua vichwa. Bakamungojea pamoja na mi, kisha nikaendelea.