Likizo ya Baba

Gari la Musoma lilikuwa halijatoka Bunda vizuri, na Sara alishaacha kujifanya amelala, maana watu wawili wa kiti cha mbele yake walikuwa wanabishana. Mmoja, Rhobi, mama anayefanya kazi kiwanda cha pamba, amenyimwa likizo ya baba. Mke wake amejifungua. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto, akaoa binti wa kumzalia, kama wanawake wa Kikurya wanavyooaga, na ng'ombe wa mahari akatoa yeye.

“Sheria inasema baba,” alisema kijana mwenye tai, afisa utumishi wa kampuni nyingine. Hakuna aliyemuuliza, lakini watu wa utumishi huwa hawangoji kuulizwa.

“Baba nani sasa? Ng'ombe nimetoa mimi. Mtoto ni wa nyumba yangu.”

“Baba ni mwanaume, mama.”

“Kwa hiyo ningekuwa mwanaume ningepewa?”

“Ungepewa.”

“Na bango la getini kwetu linasema hakuna kubaguana.”

Kijana akalegeza tai. Konda akaita Makutano, Rhobi akanyanyuka na beseni lake la khanga mpya.

“Sasa hii ruhusa ya kwenda kumwona mtoto umeipataje?” kijana akamuuliza.

“Wamenipa ya msiba,” alisema Rhobi akishuka. “Mtoto amezaliwa, wao wameandika nimefiwa.”