Jibu Tulilompa Mama Cherehani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Jengo. Wazee wetu mliokubali kushuka ngazi zote hizo kwa magoti hayo mliyonayo. Ndugu majirani wa ghorofa zote. Watoto mlioketi mbele na kuombwa mnyamaze. Dada yetu mgeni, uliyekuja kumchukua mama yako. Na wewe mwenyewe Mama Cherehani, ambaye leo tumekukalisha bila sindano mkononi: salamu zangu ziwafikie kila mmoja hapo alipo.

Mimi ni fundi bomba wa ghorofa ya tatu. Nimezoea kusemezana na mabomba, nayo hayapigi makofi, kwa hiyo mkinyamaza sitavunjika moyo. Kamati imeniomba nieleze kwa nini mama huyu tunamuaga kwa viti vya kukodi na soda, ilhali mpangaji mwingine akihama tunamsaidia kubeba godoro, basi, kwaheri ya kuonana.

Kwa wageni msiomjua, mama huyu ana chumba kile kidogo chini ya ngazi, cherehani yake ikitazama mlangoni. Watoto wetu wakirudi shule sisi bado tuko kazini, na ngazi hizo ndizo zilizokuwa sebule yao. Yeye anashona, wao wamekaa, na hadithi inakwenda. Hadi hapo hakuna la ajabu, kwani ni bibi gani asiyesimulia? Ajabu ni kwamba hakuwahi kumaliza hadithi hata moja. Akifika pale ambapo mtu lazima aamue, anakata uzi kwa meno na kusema, "Haya, nendeni mkaulize nyumbani. Kesho mniletee jibu." Mimi mwanzoni nilidhani ni mbinu ya kuwafukuza ili amalize suruali ya mteja.

Mnaikumbuka ile ya kuku? Mtu mmoja aliokolewa mtoni na rafiki yake. Miaka ikapita, rafiki yule akaiba kuku wa mjane, na aliyeona ni yule yule aliyeokolewa. Mjane akapita mlango kwa mlango akiuliza, "Jamani, nani ameona?" Aseme, au anyamaze? Uzi ukakatwa.

Jioni ile jengo zima lilikuwa mahakama. Mimi nilisema aseme, yaishe. Mke wangu akasema, "Wewe ukishafungua mdomo hujui kufunga. Amfuate kwanza rafiki yake faraghani, amwambie amrudishe kuku mwenyewe." Jirani yetu mwokaji mikate alishikilia kuwa aliyekuokoa humwanikii aibu yake hadharani. Mzee wetu wa juu, karani mstaafu wa mahakama, ambaye tunamwita Mzee Rufaa kwa sababu kwake hakuna jambo linaloisha mara moja, alishuka hadi kwa mwokaji kumweleza kuwa kuficha mwizi ni kuiba. Maneno yakawa maneno. Watu wazima wawili wakapitana ngazini wiki nzima bila salamu, kwa ajili ya kuku asiyekuwapo!

Na watoto je? Wao walikuwa wanalinganisha majibu. Mama Cherehani hakumwambia yeyote kwamba amepata au amekosa. Aliuliza tu, "Hilo ni la baba yako. La kwako liko wapi?" Mtoto aliyebeba jibu la nyumbani vile vile alirudishwa nalo, kama nguo isiyomtosha mwenyewe. Wangapi kati yetu tulirudishiwa majibu yetu mlangoni? Nyosheni mikono. Mzee Rufaa, mikono yote miwili, tafadhali.

Sasa nitasema jambo ambalo mwokaji mwenyewe ameniruhusu niliseme. Kulikuwa na siku alipopanga mikate ya jana chini, ya leo juu. Mwanawe aliona. Hakupiga kelele dukani, wala hakuja kutuambia. Alimvuta baba yake nyuma ya tanuri akamwambia, "Baba, nimekuja kwako kwanza." Basi. Mwokaji akaitoa ile mikate. Tazameni sasa: kijana yule hakufuata jibu la baba yake, la kunyamaza. Alifuata jibu la mke wangu, ambalo lilipita ngazini likamfikia, akalipima, akaliona linamfaa. Na baba yake leo anacheka pale nyuma, na ameweka sharti niwatangazie kwamba mikate yake siku hizi ni ya leo.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nasi tunapenda kuitumia methali hiyo kumtisha mtoto. Mimi naona jengo hili limenifundisha kwamba ulimwengu si lazima uwe fimbo. Mtoto ana nyumba yake, ana nyumba za jirani, na ana hadithi ya kumpitisha kutoka moja hadi nyingine. Amri zangu pale nyumbani ni nyingi, mke wangu shahidi, na sikumbuki hata moja iliyokaa kichwani mwa binti yangu kuliko yule kuku.

Nifike kwenye hadithi ya mwisho. Mwezi uliopita watoto walipanda na hii: mama mmoja hakumpenda mwanamume aliyechaguliwa na bintiye, akakataa kwenda harusini. Kiti chake kikabaki kitupu. Wakanuniana miaka. Sasa mama amezeeka, na binti ana mtoto ambaye bibi yake hajamwona. Nani aanze? Uzi ukakatwa.

Kwa mara ya kwanza hatukugombana. Nyumba moja ilitaja damu, nyingine ikataja umri, mama mkwe wangu akasema mkubwa hapungui akiomba radhi. Lakini majibu yote yaliyoshuka yalikuwa mamoja: mama aende. Wala asiende kumsuluhisha mtu. Aende kuomba msamaha.

Binti yangu ananiambia Mama Cherehani hakuendelea kushona. Akawauliza jambo ambalo hakuwa amelitia kwenye hadithi: "Na kama akienda, na kule wakamtaka abaki? Ana watoto wengine anaokaa nao ngazini. Hao je?"

Mmoja wa pacha wa ghorofa ya pili, yule mdogo, akasema, "Hao wana mama zao, Bibi. Yule binti ana mmoja tu."

Kesho yake tulikuta mlango umefungwa. Aliporudi, hakurudi peke yake, na hapo ndipo tulipojua mama wa hadithi alikuwa nani. Dada yetu, kwako sina maneno mengi. Ulifungua mlango, na sisi hapa tunakuheshimu kwa hilo. Sitaficha kwamba tunaumia pia. Mke wangu alilia juzi akikunja pazia aliloshonewa na mama yako, nami nilimwambia ni vumbi, kumbe na mimi nilikuwa nalia.

Mama, hatukukufukuza. Ulituuliza, tukajibu, nawe ukatii jibu ambalo ulilifundisha jengo zima kulitafuta. Tunakushukuru.

Na wewe pacha, ambaye tangu asubuhi unanivuta shati ukitaka nimwambie Bibi kwamba umebadilisha jibu lako: nimekusikia, mwanangu. Nimemwuliza Bibi. Amesema lile la kwanza lilikuwa lako mwenyewe, na lilikuwa zuri, na leo gari likifika wewe ndiye utakayembebea mkoba.

Ndugu zangu, asanteni sana kwa kunivumilia na kunisikiliza.