Mzee Fanueli Mwakalobo na Nyuzi za Nyuma ya Sikio

Kila asubuhi kabla ya chai, marehemu Fanueli Mwakalobo alikuwa akisimama uani, miguu pamoja, macho amefumba, akingoja kuona ataanza kuyumbia upande gani. Kisha alimtangazia yeyote aliyepita. Mama yetu, Ikupa, alimwomba angalau akafanyie nyuma ya nyumba. Hakuhama.

Alizaliwa Rungwe mwaka 1901, mtoto wa tatu wa Mzee Andendekisye Mwakalobo. Alisoma shule ya misheni, akajifunza kazi ya mifugo Mpwapwa, na mwaka 1927 akaajiriwa kuwa bwana mifugo Iringa. Tulikaa Kihesa miaka mingi. Huko aliletewa mbuzi waliozunguka mahali pamoja hadi wakaanguka. Wenzake waliwachinja na kuwasahau. Yeye alianza kupasua vichwa.

Nani hapa hakuelezwa? Kwetu ilikuwa mezani, ugali ukipoa: ndani ya mfupa wa sikio mna kiungo kidogo kinachopima mwinamo wa kichwa. Kutoka hapo nyuzi za fahamu huingia shina la ubongo. Baadhi huendelea hadi ubongo mdogo wa kisogoni, nyingine hupanda kwenye misuli ya macho, nyingine hushuka na uti wa mgongo hadi miguuni. Ukiharibu upande mmoja, mnyama mzima huinama. Mbuzi, paka, popo, binadamu, mpango ni mmoja. Tulimwomba tule kwanza.

Alimwoa Ikupa Juni 1929. Katika ukoo wetu kichwa cha mbuzi wa harusi ni cha mjomba. Dada Damari alipoolewa mwaka 1951, mjomba Yotamu alikabidhiwa nusu mbili zilizofungwa kwa kamba ya katani. Alizitazama, akasema, "Shemeji, hiki umeshakila kwa macho." Hakukanyaga kwetu hadi Krismasi.

Mwaka 1954 baba alistaafu, tukahamia Mbalizi. Mwaka huohuo sikio lake la kushoto liliacha kusikia, na uliofuata akaanza kutembea akienda upande. Daktari mmoja Iringa alisema ni uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa sikio lile, na kwamba hapa nchini hakuna wa kuutoa. Baba hakushangaa. Alikuwa ameshatuambia ulipo. Lakini wazee wa kanisa walimwona akishika ukuta akielekea mezani pa Bwana, wakasema ni pombe. Walimtenga mpaka atakapotubu mbele ya wote.

Mtu mwingine angejieleza kwa mdomo. Yeye aliingia kwenye kikao cha wazee na kikapu, ndani yake kichwa cha mbuzi kilichopasuliwa, akaanza kuwaonyesha nyuzi. Mzee Sedekia, aliyeongoza kikao, aliuliza kama mtu ambaye hajalewa angeleta kitu kile kanisani. Alipotajiwa daktari, alijibu kwamba daktari naye anakunywa.

Kwa miaka mitatu tulimsihi baba atubu. Mjomba Yotamu alimwambia atamke tu, Mungu anajua ukweli. Mama alilia. Baba aliendelea kukaa benchi la nyuma kila Jumapili, akisogeza magoti ili wengine wapite kwenda mezani.

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 12 Agosti 1958. Kwa kuwa hakutubu, tunamzika hapa shambani kwake, bila kengele wala mchungaji. Wazee wa kanisa mmekuja, na mmesimama nje ya ua. Tunashukuru. Nadhani hata hapo mnasikia.

Ameacha mjane, Ikupa, watoto Damari, Saulo, Lutengano na mimi ninayesoma haya, pamoja na wajukuu watano. Mungu ampumzishe vizuri kuliko tulivyompumzisha sisi.

Wiki yake ya mwisho nilimwuliza jambo moja, maana nilikuwa nimechoka. Lilikuwa neno la dakika moja tu, naye angezikwa kama watu wengine. Kwa nini asiliseme?

"Sikunywa, mwanangu," alisema.